Land Cruiser za zamani: namna ya kupata vipuri vya kweli bila kudanganywa

Kiwanda cha Toyota huko Japani kilianza kutengeneza Land Cruiser za aina ya 40 mwaka wa 1960 na kikaziacha mwaka wa 1984. Hata hivyo, gari hizo hazijaisha mashariki mwa Kongo. Zingine bado zinabeba mizigo kwenye barabara za udongo. Zingine zimelala nyuma ya nyumba, zikisubiri mtu mwenye moyo wa kuzifufua. Anayejaribu anakutana na swali lile lile: vipuri vya kweli vinapatikana wapi, na utavitambua namna gani?

Hili si jambo la urembo tu. Kwenye miteremko ya Kivu, kipande kimoja kibaya cha freni kinaweza kuua abiria wote.

Jua kwanza gari yako

Herufi ya kwanza ya jina inaonyesha moteri ambayo gari ilitoka nayo kiwandani. FJ ni ya petroli; BJ na HJ ni za mazutu. FJ40 za kwanza zilikuwa na moteri F ya lita 3,9. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja 2F ya lita 4,2. BJ40 ya mwaka wa 1974 ilikuwa na moteri B ya lita 3,0, kisha ikafuata 3B ya lita 3,4.

Lakini kisha miaka 40 ao 50, gari nyingi zimekwisha kubadilishiwa moteri. Kwa hiyo usinunue kwa kutazama jina peke yake. Soma namba ya shasi, soma namba iliyopigwa juu ya moteri yenyewe, na uziandike zote mbili mbele ya kwenda sokoni.

Aina nne za vipuri

Sokoni utakuta vipuri vya aina nne. Vya kwanza ni vile vya Toyota yenyewe, ndani ya kartoni yake. Vya pili vinatoka kwa makampuni yaliyokuwa yanaiuzia Toyota, kama Denso kwa umeme na Aisin kwa ambreyaji. Vinauzwa kwa jina lao, mara nyingi kwa bei ya chini. Vya tatu ni vya okazioni, vilivyotolewa ndani ya gari zilizokufa. Vya nne ni vya kuigiza: vingine vinasema wazi nani amevitengeneza, vingine vinavaa jina la watu wengine. Hivi vya mwisho ndivyo vya kuogopa.

Namba ya kipande inasaidia. Kwa kawaida namba ya Toyota ina tarakimu 10, tano mbele na tano nyuma, na zile tano za mbele zinaonyesha aina ya kitu. Kwa mufano, 90915 ni filtre ya mafuta ya moteri. Muuzaji akikupa filtre yenye mwanzo mwingine, muulize sababu. Namba za zamani zinaweza pia kubadilishwa na mpya, basi namba kutofanana na ile ya kitabu haimaanishi kila mara kwamba umedanganywa.

Kartoni peke yake haitoshi, kwa sababu kartoni pia inaigizwa. Beba kipande cha zamani, ukiweke kando ya kile kipya. Linganisha uzito, vipimo na matundu. Kwa difranseli, hesabu meno: 37 kwa 9 ni 4,11, lakini 37 kwa 10 ni 3,70. Ukiweka hesabu moja mbele na ingine nyuma, siku utakapofunga magurudumu mane kwenye barabara ngumu, gia zitapigana mpaka kitu kivunjike.

Kipya cha zamani kinaweza kuwa kibaya

Watu wengi wanafurahi wakipata kipande cha asili kilichokaa ndani ya kartoni miaka 30. Kwa chuma, ni bahati. Kwa mpira, ni hatari: mipira ya freni na mipiko ya maji inazeeka hata bila kutumiwa. Hapo kipande kipya cha kampuni nzuri kinapita kile cha asili.

Angalisho lingine: garnitire za freni za zamani nyingi zilikuwa na amianto, ambayo vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo. Lilowanishe na maji, kisha lipanguse.

Toyota imerudi

Mwaka wa 2021, Land Cruiser ilipotimiza miaka 70, Toyota ilitangaza kwamba itatengeneza tena vipuri vya aina ya 40, ikianzia na vile vya muhimu kwa kutembea na kusimama. Kwa hiyo, mbele ya kununua okazioni kwa bei kubwa, peleka namba zako kwa muuzaji anayetambuliwa na Toyota, aulize kama kipande kimerudi.

Na usitupe kitu mapema. Tambure ya freni inaweza kuchongwa upya, karbirateri inaweza kusafishwa. Chunga kipande cha zamani mpaka kile kipya kifungwe na gari itembee. Fundi akikosea, ndicho kipimo pekee utakachobaki nacho.