Gramu 20 za Kupanda Nazo Kitulo

Anayetembea kwa miguu kutoka uwanda wa Kitulo hadi Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, huvuka milima ya Livingstone kwa siku kadhaa, na sehemu kubwa ya njia haina duka wala zahanati. Ndivyo ilivyo pia upande wa Iringa, kwa anayeondoka Udekwa wilayani Kilolo kuelekea misitu ya Ndundulu. Begi likianza kuuma mabega, mfuko wa huduma ya kwanza hupunguzwa. Sawa, upunguzwe, lakini pakiti za ORS, unga wa chumvi na glukosi wa kumrudishia maji anayeharisha, zibaki.

Pakiti moja ina gramu 20.5 na hutosha lita moja ya maji safi. Ndani yake mna glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, na chumvi nyingine mbili. Mbona kitu chepesi hivyo kinaokoa maisha? Mwaka 1960, mjini Prague, mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba utumbo mwembamba hufyonza glukosi ikiwa imeshikana na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Seli za utumbo zina mlango usiofunguka vizuri mpaka hao wawili wafike pamoja. Wakiingia, maji huwafuata. La ajabu ni kwamba mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha kwa kipindupindu. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi. Soda nayo ina sukari nyingi mno, na sukari ya kupita kiasi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, kuhara kukazidi.

Ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilikuwa zinakwisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Waliokuwa wakiwanywesha wagonjwa hao, mara nyingi, walikuwa ndugu zao wenyewe.

Pakiti zikiisha njiani, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vinafaa. Usizidishe chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, hata kama anatapika. Akiharisha damu au akishindwa kabisa kunywa, safari iishie hapo, atafutiwe usafiri.

Maji ya vijito vya Kitulo yanavutia kwa macho, ila yachemshwe. Kwenye mwinuko wa mita 2,600 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 91 hivi badala ya 100. Joto hilo bado linaua vijidudu vya kuharisha. Yaache yatokote dakika 3.

Kitu cha pili cha kubaki kwenye mfuko ni plasta ya karatasi, ile nyembamba ya kushikizia bandeji. Watafiti wakiongozwa na daktari Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijaribu kwa wakimbiaji 128 wa mbio za kilomita 250, na mwaka 2016 wakatangaza kuwa ilipunguza malengelenge kwa asilimia 40. Ibandike asubuhi mguu ukiwa mkavu, pale unapojua kiatu hukusumbua, kabla ngozi haijaanza kuwaka.

Kamba ya kukaza na wembe wa kuchanja kwa ajili ya nyoka, viache nyumbani. Huongeza madhara. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali upesi.

Kabla ya kupanda basi Mbeya au Iringa, pita duka la dawa ununue pakiti kadhaa za ORS, na umwoneshe kila mwenzako wa safari namna ya kuzichanganya, maana atakayeugua huenda ukawa wewe.