KATA SI NGOMA: Kwa nini Okinawa na Japani hawachezi sawa?

Usiombe ukae katikati ya washikaji wawili wa karate wakianza kubishana. Wa Shotokan atakuambia mwenzake anasimama kama mtu anayesubiri daladala. Wa Goju-ryu ya Okinawa atajibu kwamba huyo wa Shotokan anachuchumaa utadhani kadondosha sarafu. Kila mmoja ana mkanda wake kiunoni, kila mmoja kalipia ada kwa jasho, na kila mmoja anaapa kwamba kata anayocheza yeye ndiyo karate yenyewe. Ya mwenzake eti maigizo!

Msomaji wangu, ubishi huu haukuanzia kwetu. Una umri wa miaka mia moja na ushee, na chanzo chake ni safari kutoka kisiwa kidogo kwenda jiji kubwa. Ukiijua safari hiyo utaacha kubishana, utaanza kuuliza swali lenye faida.

Kwanza tuelewane. Kata ninayoisema hapa siyo ile ya diwani. Ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa: unakinga, unapiga ngumi, unageuka, unatupa teke, yote hayo peke yako, ukipambana na adui asiyeonekana. Kwa mzee wa zamani kata ndiyo ilikuwa daftari. Mwalimu hakuandika kitabu, alikuachia mafunzo mwilini mwako, nawe ukamwachia mwanao.

KISIWANI: CHACHE, LAKINI ZIKOLEE

Okinawa leo ni mkoa wa Japani, lakini zamani kilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara na China kwa mamia ya miaka. Ngumi za China zikakutana na za wenyeji, mchanganyiko ukawa karate. Mwaka 1879 Japani ikaumeza ufalme huo moja kwa moja.

Mafunzo ya zamani hayakuwa na mabango wala sherehe. Mwalimu mmoja na wanafunzi wachache, uani kwake, mara nyingi kwa siri. Mtu hakukusanya kata kama anayekusanya picha za wachezaji mpira. Kanbun Uechi, aliyesomea ngumi China, alirudi na kata tatu tu: Sanchin, Seisan na Sanseiryu. Tatu basi, na zilimtosha maisha yote. Nyingine tano ziliongezwa baadaye na kizazi kilichomfuata.

Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, alilelewa kwenye Sanchin na mwalimu wake Kanryo Higaonna. Ukiiona Sanchin kwa mara ya kwanza unaweza kucheka. Hatua chache mbele, chache nyuma, ngumi polepole, pumzi inatoka kwa sauti. Basi, mbona rahisi? Subiri mwalimu aanze kukuzunguka. Anakupiga vibao mabegani, anakukandamiza mapaja na mgongo, anaangalia kama mwili wote umekaza pale panapotakiwa na miguu imeshika sakafu. Dakika chache, jasho ndoo nzima. Hiyo kata haichezwi ili mtu akupigie makofi. Inakujenga wewe.

Pembeni ya kata kuna vifaa vya kienyeji: rungu lenye jiwe kichwani, mitungi inayobebwa kwa ncha za vidole, ubao wa kupiga ngumi. Kuna pia zoezi la watu wawili, mikono imegusana, kila mmoja anamsikilizia mwenzake nguvu inakotokea. Kata, vifaa na zoezi la wawili ni chungu kimoja. Ukitoa kimoja, mchuzi unapwaya.

MJINI: DARASA KUBWA, MIGUU CHINI

Mambo yalianza kubadilika Okinawa kwenyewe. Mzee Anko Itosu aliingiza karate kwenye shule za kisiwani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Aliunda kata tano za wanafunzi, akaziita Pinan. Fikiria: watoto wamejaa uwanjani, mwalimu mmoja. Utawafundisha kuvunja viungo? Hapana. Utawapanga mistari na kuhesabu, moja, mbili, tatu. Karate ya uani ikawa mazoezi ya shule.

Mwaka 1922 mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, alikwenda Tokyo kuonyesha karate. Jigoro Kano, baba wa judo, akamkaribisha Kodokan aonyeshe tena, na mzee akabaki jijini. Karate ya Japani ikaazima mengi kwa judo, zikiwemo nguo nyeupe na madaraja ya mkanda mweusi. Chuo Kikuu cha Keio kikafungua klabu mwaka 1924, na vyuo vingine vikafuata.

Ili kuwapata Wajapani, Funakoshi akabadilisha na majina. Pinan ikawa Heian, Naihanchi ikawa Tekki, Kusanku ikawa Kanku, Passai ikawa Bassai. Hata herufi ya "kara", iliyosomeka kama "China", ikaandikwa kwa maana ya "tupu", karate ikawa mikono mitupu. Mabwana wakubwa wa Okinawa nao walikutana Naha tarehe 25 Oktoba 1936 wakaikubali herufi hiyo.

Lakini mabadiliko makubwa yako miguuni. Mwite wa kisiwani acheze Naihanchi: miguu imeachana kiasi, magoti yamekunjwa kidogo, anatembea kiubavu kama kaa. Halafu mwite wa Shotokan acheze Tekki, kata ileile: miguu imetanuka, makalio yamekaa chini kama amepanda farasi. Kwenye Pinan, wa kisiwani anasimama mkao mfupi wa paka, uzito mguu wa nyuma. Kwenye Heian mkao huo umevutwa ukawa mrefu. Pale penye teke la mbele, Shotokan wamechomeka teke la ubavu. Sehemu kubwa ya haya inatajwa kuwa kazi ya Yoshitaka, mtoto wa Funakoshi, aliyefariki mwaka 1945.

Si mitindo miwili tu. Hata Goju-ryu, jina lilelile, ina nyumba mbili. Ya Okinawa ilibaki kwa wanafunzi wa Miyagi, ya Japani ikakuzwa na Gogen Yamaguchi, ambaye aliongeza kata za Taikyoku kwa ajili ya wanaoanza. Kenwa Mabuni naye, Mokinawa aliyehamia Osaka, alikusanya kata nyingi kutoka pande zote akaanzisha Shito-ryu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Japani wameharibu", mwambie apunguze munkari. Waliobeba kata kwenda huko walikuwa Waokinawa wenyewe.

NGUMI NA PICHA

Kuna kisa kitamu hapa. Choki Motobu wa Okinawa alikuwa mbabe wa mitaani aliyeipenda Naihanchi kuliko kata zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa na zaidi ya miaka 50, alipanda jukwaani Kyoto na kumlaza chini bondia wa kigeni. Mwaka 1925 jarida la Kingu likasimulia pambano hilo, lakini michoro yake ikamwonyesha Funakoshi! Ngumi kapiga huyu, sura katoa yule. Wawili hawa hawakupendana, na tofauti yao ilikuwa hiyohiyo: Motobu alitaka kata ijaribiwe kwa mapigano, Funakoshi aliiona njia ya kujenga tabia.

Hata hivyo usimdharau Funakoshi. Mwenyewe alisimulia kwamba alikaa miaka 10 kujifunza Tekki tatu tu. Miaka 10! Leo kuna kijana anataka kata tano kabla ya sikukuu.

MKONO UNAORUDI KIUNONI

Tuje kwenye utamu wenyewe. Chukua kitu kidogo: ukipiga ngumi kwenye kata, mkono mwingine unarudi kiunoni. Kwa nini? Kwenye madarasa mengi ya mtindo wa Japani utajibiwa kwamba unaongeza nguvu ya ngumi. Walimu wengi wa Okinawa watakuambia mkono ule haurudi mtupu: umemshika adui, unamvuta akutane na ngumi. Mwondoko mmoja, maana mbili. Kwa wa kwanza adui yuko mbali, kwa wa pili mnapumuliana.

Ndiyo maana miguu inatofautiana. Anayewaza pambano la karibu hahitaji kutanuka sana, anahitaji kugeuka haraka, kushika na kuangusha. Anayewaza kuruka umbali kwa pigo moja, au kujenga mapaja ya vijana mia kwa pamoja, anahitaji hatua ndefu. Kila mkao una sababu.

Halafu yakaja mashindano. Chama cha Karate cha Japani, JKA, kilifanya ubingwa wake wa kwanza wa nchi nzima mwaka 1957, kata ikiwemo. Mwamuzi haoni adui aliyeshikwa, anaona mwili. Mchezaji akajifunza kusimamisha pigo kwa ghafla, kutulia kidogo, kugeuza kichwa kwa mbwembwe, teke kupaa juu.

Sasa sikia kichekesho cha historia. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika Agosti 2021, dhahabu ya kata ya wanaume ilikwenda kwa Ryo Kiyuna. Mtoto wa wapi? Okinawa! Mtindo wake ni Ryuei-ryu, uliofichwa ndani ya ukoo wa Nakaima vizazi kwa vizazi. Alipanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake. Akawa Mokinawa wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, tena kwenye uwanja uliojengwa na mji na kwa kata iliyotoka uani. Mwaka 2024 huko Paris karate haikuwemo kabisa. Anayefundisha kata kwa ajili ya medali peke yake ajiulize hapo.

KWA NINI WAZEE WANAIKALIA MACHO

Mwaka 1945 vita vilipita Okinawa kama moto wa nyika. Inakadiriwa robo ya wenyeji walikufa. Jin'an Shinzato, mwanafunzi aliyetegemewa kumrithi Miyagi, alikuwa mmoja wao. Kilichobaki kilibaki kwenye miili ya walionusurika. Ukibadilisha mwondoko mmoja bila kujua ulikuwa wa nini, umechana ukurasa ambao hakuna nakala yake. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mzee wa kisiwani anakaripia kidole kilichokaa vibaya.

Hapa kwetu pande zote mbili zipo. Goju-ryu ya Okinawa ilipandwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na Shotokan nayo ina vijana wake kibao. Sasa wewe kijana wa mjini unayetaka kujiunga, uchague ipi?

Usichague kwa jina la mtindo. Nenda kaangalie mazoezi, halafu uliza kwa adabu: "Shikamoo sensei, huu mwondoko ni wa nini?" Akikuonyesha na mtu mbele yake, anashikwa wapi, anavutwa vipi, lipia ada ukaanze, awe wa Okinawa au wa Japani. Akikujibu "fanya tu", wakati wanafunzi wana mikanda meusi na hawajawahi kugusana mikono, funga kamba za viatu taratibu uondoke.

Na nyie washikaji mnaobishana, siku moja simameni sambamba, mmoja acheze Naihanchi na mwenzake Tekki. Pale mnapotofautiana, simamisheni, ulizaneni kwa nini. Nusu saa hiyo itawafundisha kuliko ubishi wa mwaka mzima.

Kazi kwenu!