Fainali Sita za Jimmy White

Waulize Waingereza waliokua wakitazama snuka kwenye televisheni miaka ya 1980 na 1990 ni mchezaji gani walimpenda kuliko wote. Wengi hawatamtaja Stephen Hendry, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara saba, wala Steve Davis, aliyeutwaa mara sita. Watamtaja Jimmy White. Huyu naye alifika fainali ya dunia mara sita, na zote sita akatoka mikono mitupu.

Husemwa hakuwa na bahati. Sikubaliani. Bahati mbaya humpata mtu mara moja, ikizidi mara mbili. Mara sita, tano kati ya hizo zikifuatana mwaka baada ya mwaka, hapo kuna jambo jingine. White mwenyewe hajalificha: katika simulizi za maisha yake ameeleza pombe, kokeini, kamari na usiku ambao haukuwa na mwisho. Tena mambo hayohayo yaliyomnyima kombe, yaani pupa na kutojali kesho, ndiyo yaliyomfanya apendeze kutazama. Waliojaza viti ili kumwona hawakuja kuona mtu mwangalifu.

Alizaliwa tarehe 2 Mei 1962, Tooting, kusini mwa London. Shule haikumkaa kichwani. Alikuwa akitoroka darasani na kwenda kushinda kwenye ukumbi wa snuka wa Ted Zanoncelli, maarufu kwa jina la Zans, pamoja na rafiki yake Tony Meo, ambaye baadaye naye alikuja kuwa mchezaji wa kulipwa. Pale watu wazima walikuwa wakiwekeana dau, na vijana hao wawili wakawa wanachezeshwa kwa pesa za wengine. Anayezoea kucheza na fedha za watu kabla hajaota ndevu hujifunza kutotetemeka. Thamani ya fedha yenyewe si rahisi aijue.

Mwaka 1979, akiwa na miaka 16, alikuwa bingwa wa ridhaa wa Uingereza. Mwaka uliofuata, huko Tasmania, Australia, akawa bingwa wa ridhaa wa dunia. Hakukuwa tena na sababu ya kubaki kwenye ridhaa.

Msomaji anayeijua meza ya pool ya baa za kwetu aipanue kichwani. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na mashimo yake ni ya ubahili: mpira ukigusa ukingo vibaya unatemwa. Juu yake kuna mipira myekundu 15, kila mmoja alama moja, na mipira sita ya rangi, kuanzia wa njano wenye alama 2 hadi mweusi wenye alama 7. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi, wa rangi unarudishwa mahali pake, unaendelea hivyo hadi utakapokosa. Ukifuatisha kila mwekundu na mweusi, halafu ukafagia meza nzima, unapata 147. White aliipata hesabu hiyo mwaka 1992 kwenye mashindano ya dunia dhidi ya Tony Drago wa Malta. Kabla yake ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameifanya katika mashindano hayo, Cliff Thorburn wa Canada, mwaka 1983.

Lakini kinachomtesa mchezaji wa snuka zaidi ni kiti. Mwanasoka akizidiwa hukimbia, hukaba, humvuta mtu jezi. Bondia hurudisha ngumi. Wa snuka akishakosa hurudi kitini, hunywa maji, hufuta fimbo yake ambayo wala haina vumbi, na kumtazama mwenzake akimaliza kila kilichopo mezani. Inaweza kupita nusu saa hajagusa mpira hata mmoja. Kamera nayo inajua pa kuangalia: humsogelea usoni kutafuta dalili za kukata tamaa. Pale Crucible, ukumbi wa maonyesho wa Sheffield ambako ubingwa wa dunia umekuwa ukichezwa tangu 1977, watazamaji wa mbele wamekaa karibu kiasi cha kumsikia akivuta pumzi.

White alionja adha ya kiti hicho mapema. Mwaka 1982, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 20, aliongoza nusu fainali ya ubingwa wa dunia kwa fremu, yaani michezo, 15 dhidi ya 14 za mpinzani wake Alex Higgins, na katika fremu iliyofuata akawa mbele kwa alama 59 bila. Fremu moja tu, yuko fainali. Akakosa, Higgins akainuka na kukusanya alama 69 kwa mapigo ambayo mtu mwenye akili timamu asingeyajaribu, akasawazisha, akashinda fremu ya mwisho, na baadaye akachukua ubingwa. White hakumnunia. Miaka miwili baadaye wawili hao walishirikiana kuchukua ubingwa wa dunia wa wachezaji wawili wawili.

Fainali yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja ilikuwa mwaka huohuo wa 1984, na Davis alimtangulia kwa fremu 12 kwa 4. Mashabiki wengine walikwishakata tamaa, yeye akarudi moja moja hadi akafungwa 18 kwa 16. Alikuwa na miaka 22. Kila mtu aliamini zamu yake inakuja.

Ikaja na Hendry, kijana wa Scotland asiyecheka ovyo, aliyeishi kama mtu mwenye ajira ya saa maalumu: mazoezi asubuhi, mazoezi mchana, kulala. Mwaka 1990 alimfunga White 18 kwa 12 na kuwa bingwa mdogo kuliko wote, akiwa na miaka 21. Mwaka 1991 alikuwa John Parrott, 18 kwa 11. Halafu 1992, fainali ambayo mimi naiona mbaya kuliko zote, ingawa watu hupenda kuitaja ile ya 1994. White aliongoza 14 kwa 8. Alihitaji fremu nne. Hendry akachukua kumi mfululizo. Kukosa mpira mmoja ni ajali. Kupoteza fremu kumi kwa mpigo ni kukaa kitini ukitazama nyumba yako ikihamishwa kitu kimoja kimoja. Mwaka uliofuata alichapwa 18 kwa 5, hiyo tuipite.

Tarehe 2 Mei 1994 White alitimiza miaka 32, na siku hiyohiyo alikuwa Crucible akimaliza fainali na Hendry kwa mara ya nne. Safari hii Hendry alikuwa majeruhi: aliteleza bafuni katikati ya mashindano, akavunjika mfupa wa kiwiko cha kushoto. Walikwenda sambamba hadi 17 kwa 17. Fremu ya mwisho, White yuko mbele 37 kwa 24, mipira imekaa wazi, mpira mweusi uko kwenye alama yake. Ni pigo ambalo kijana yeyote wa klabu analipiga akizungumza na mtu. White aliinama, akapiga haraka kidogo kuliko ilivyostahili, mweusi ukagonga mdomo wa shimo ukabaki nje. Hakupiga tena. Hendry alikusanya 58. Alipopewa kipaza sauti, White aliutania ukumbi kwamba huyu bwana sasa ameanza kumkera, na watu walioshindwa kujizuia kulia wakacheka.

Hakurudi tena kwenye fainali hiyo. Mwaka 1995 aligundulika kuwa na saratani ya korodani, akatibiwa akapona. Makombe mengine aliyapata, tena ya maana: Masters ya 1984, ubingwa wa Uingereza wa 1992, na mashindano kumi ya kuhesabiwa kwenye viwango vya dunia, ya mwisho yakiwa ya Glasgow mwaka 2004. Katika Masters ya 2005 alibadili jina lake kisheria akawa James Brown kwa ajili ya kutangaza sosi ya kahawia ya HP, kampuni iliyokuwa ikidhamini mpira wa rangi hiyo. Anayehitaji pesa hakosi ubunifu.

Maana snuka ya kulipwa haina mshahara. Nafasi kwenye ziara ya dunia hudumu miaka miwili, viwango hupangwa kwa fedha ulizoshinda katika kipindi hicho, na nauli na hoteli ni juu yako. Ukishuka chini mno unatolewa. White alishuka, na tangu 2017 amekuwa akibakizwa kwa mwaliko maalumu, kwa kuwa jina lake bado linauza tiketi. Wapo vijana wanaonung'unika kwamba anakalia nafasi ya mtu, nao wana hoja. Sidhani kama mwandaaji yeyote anawasikiliza.

Aprili 2021 alikutana tena na Hendry, aliyekuwa amerudi baada ya kustaafu, katika mchujo wa ubingwa wa dunia. Mmoja alikuwa na miaka 52, mwingine 58. Hendry alishinda 6 kwa 1. Ubingwa wa dunia wa wakongwe, White ameuchukua mara nne: 2010, 2019, 2020 na 2023. Tatu za mwisho alizichukulia palepale Crucible.