Aliyeanza na Yai la Nzi, Akaishia kwenye Bakteria wa Tumbo la Mbu

Miaka ya 1980 Marcelo Jacobs-Lorena alikuwa mtafiti wa nzi wa matunda, yule nzi mdogo anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwanabiolojia huyu mwenye asili ya Brazili alifanya kazi Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland, Marekani, akichunguza yai la nzi linavyopanga shughuli zake za mwanzo: lini lianze kutengeneza protini za ribosomu, lini lisite, na amri hiyo inatoka wapi. Hapakuwa na ugonjwa aliokuwa akiutafutia dawa. Alitaka kujua kiumbe hujijengaje. Leo jina lake linatajwa zaidi kwa tafiti za bakteria walioundwa upya ili waue vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu.

Wengi wakisikia habari ya namna hiyo hudhani mtu ameitupa fani moja na kuanza nyingine kutoka sifuri. Ukiifuata kazi yake hatua kwa hatua unaona jambo jingine: kila alichojifunza kwa mdudu ndicho kilichomwonyesha bakteria afanyishwe nini, mahali gani na saa ngapi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutoka kwenye nzi kwenda kwenye mbu, na hasa utumbo wake. Mbu jike akifyonza damu ya mgonjwa, humeza pamoja nayo mamia au hata maelfu ya vimelea. Ndani ya siku moja hivi, vimelea hivyo huungana dume na jike, hugeuka umbo, kisha hulazimika kutoboa utando ambao mbu hujenga kuizunguka ile damu, na baada ya utando, ukuta wa utumbo wenyewe. Vingi hufa njiani. Mara nyingi vinavyofika upande wa pili havizidi vitano. Hapo kila kimoja hujifungia kwenye kifuko na kuzaa maelfu ya vimelea vipya, ambavyo baadaye huhamia kwenye tezi za mate vikisubiri mtu mwingine wa kuumwa. Kwa hiyo katika maisha yote ya kimelea cha malaria, utumbo wa mbu ni tundu la sindano. Anayetaka kukizuia akisubirie hapo, kabla hakijazaana.

Mwaka 2001 kikundi chake kilichapisha habari za kipande kidogo cha protini, chenye asidi amino 12 tu, walichokiita SM1. Kipande hicho hushika ukuta wa utumbo na tezi za mate za mbu, mahali palepale kimelea kinapohitaji kupita. Mwaka uliofuata, katika jarida la Nature, walionyesha mbu aliyepandikizwa jeni ya kutengeneza SM1. Hapa ndipo ninapoona mkono wa mtafiti wa yai la nzi. Jeni peke yake haitoshi, inahitaji swichi. Walitumia swichi ya jeni ya kimeng'enya cha kusaga chakula, ambayo huwaka saa chache tu baada ya mbu kunywa damu, yaani wakati uleule kimelea kinapojiandaa kutoboa. Mtu aliyetumia miaka mingi akiuliza jeni huwashwa lini hasumbuki kujua umuhimu wa jambo hilo. Majaribio hayo yalifanywa kwa malaria ya panya, na maambukizi yalipungua sana.

Lakini mbu mmoja wa maabara hamalizi malaria ya bonde zima. Jeni iliyopandikizwa lazima irithiwe na kuenea, na hata ikienea kwa Anopheles gambiae, Anopheles funestus hataipata, kwa kuwa hawapandani. Kwetu Afrika Mashariki, ambako spishi kadhaa hueneza malaria katika eneo moja, tatizo hilo si dogo.

Yale, Marekani, watafiti walikuwa wameshapita njia nyingine miaka ya 1990. Badala ya kumbadili mdudu, walimbadili bakteria anayeishi ndani yake, wakianza na kunguni wakubwa wanaoeneza ugonjwa wa Chagas Amerika ya Kusini. Wazo hilo lilifaa kwa mbu. Bakteria wa tumboni hawajali spishi, na mbu akishanywa damu huongezeka kwa kasi kubwa, saa zilezile na mahali palepale kimelea kilipo dhaifu. Jacobs-Lorena, ambaye kufikia hapo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akaingia kwenye uhandisi wa vijidudu.

Kazi haikuwa rahisi. Katika majaribio ya mwanzo, protini ya kuzuia kimelea ilibaki imeng'ang'ania ngozi ya bakteria, haielei kwenye damu iliyomo tumboni, na E. coli aliyetumika hakudumu ndani ya mbu. Makosa haya mawili yanafundisha mengi. La pili lilisahihishwa kwa kuchukua bakteria anayeishi kwa mbu kiasili, Pantoea agglomerans. La kwanza lilitatuliwa kwa kuazima kutoka E. coli mtambo wa protini ambao hutoboa tabaka zote mbili za ngozi yake na kutema mzigo nje. Bakteria mpya alipolishwa mbu kwa pamba iliyolowekwa maji ya sukari, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 na Sibao Wang na wenzake katika kikundi cha Jacobs-Lorena yalionyesha Plasmodium falciparum, kimelea hatari kuliko vyote kwa binadamu, kikizuiwa kwa hadi asilimia 98.

Likabaki swali la nani atawalisha mbu wa porini pamba. Mwaka 2017 kikundi hicho kikaja na bakteria wa jenasi ya Serratia aitwaye AS1, aliyepatikana kwenye mfuko wa mayai wa mbu. Dume humwambukiza jike wakati wa kupandana, na jike humpaka kwenye mayai, hivyo watoto wanazaliwa naye. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi mkubwa kuliko ile asilimia 98, maana unajibu suala la usafirishaji kwa kutumia tabia ya mbu mwenyewe.

Mwaka 2023 maabara yake ilishiriki kueleza bakteria mwingine, Delftia tsuruhatensis, aliyegunduliwa katika maabara ya kampuni ya dawa ya GSK huko Tres Cantos, Hispania, baada ya mbu waliofugwa pale kuanza kugoma kuambukizwa. Huyu hakuundwa na mtu. Hutoa kemikali iitwayo harmane inayodumaza kimelea, na amejaribiwa ndani ya vizimba vikubwa nchini Burkina Faso. Ni jambo la kufurahisha kwamba baada ya miaka yote ya kukata na kuunga jeni, jibu mojawapo lilikuja kwa kumwangalia mdudu kwa makini.

Kenya kuna mfano wa karibu. Jeremy Herren alisomea Lausanne, Uswisi, uhusiano wa nzi wa matunda na bakteria wanaoishi ndani yao, kisha akaja kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Mwaka 2020 yeye na wenzake walitangaza Microsporidia MB, kijidudu cha jamii ya kuvu kinachoishi ndani ya Anopheles arabiensis na kumkinga na kimelea. Mbu hao walikusanywa kandokando ya Ziwa Viktoria na kwingineko nchini. Herren naye pia alitokea kwenye nzi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 vya malaria mwaka 2023, karibu vyote Afrika, kwa hiyo hamu ya kuwatoa bakteria hawa nje ya maabara ni ya haki. Hata hivyo bakteria akishaachiwa haitwi arudi. Jeni iliyobebwa kwenye plazimidi, kile kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu, inaweza kupotea baada ya vizazi vingi au kurukia bakteria wengine. Ikiunganishwa na kromosomu hutulia zaidi, ila huenda nguvu yake ikapungua. Na ikiwa bakteria watasambazwa kwa maji ya sukari, nyuki na vipepeo nao huyanywa. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Viumbe ya mwaka 2009, na atakayeomba kibali atatakiwa kuonyesha kwa majaribio bakteria huyo anadumu siku ngapi tumboni mwa nyuki, kama anafika kwa mabuu, na kama anabaki kwenye asali. Kazi hiyo ataifanya mtu anayejua kumfuga nyuki na kumpasua utumbo wake chini ya hadubini, na idara zetu za zoolojia zinao vijana wanaoiweza.