Daktari na Ugonjwa wa Malale

Kijiji cha Sitalike kiko kusini mwa mji wa Mpanda, kando ya mto Katuma, mpakani mwa Hifadhi ya Katavi. Wakati wa kiangazi, maji yapunguapo, viboko hubanana mtoni kama ng'ombe zizini. Kila mtu huwaona akajihadhari nao. Lakini porini mna adui mwingine, mdogo kama inzi, naye ni mbung'o.

Mbung'o hunyonya damu. Wanyama wengine wa porini, kama pongo, huwa na vijidudu vya malale damuni, walakini wenyewe hawaugui. Mbung'o akiisha kunyonya damu ya mnyama kama huyo, vijidudu huongezeka mwilini mwake. Kisha akimwuma mtu, humwambukiza. Kwanza mtu hushikwa na homa na kuumwa na kichwa. Baadaye vijidudu huingia ubongoni. Hapo mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na akili humpotea. Asipotibiwa hufa, na mara nyingi haipiti miezi 6.

Basi daktari afanye nini, ikiwa dawa ya kuua vijidudu yaweza kumdhuru mgonjwa pia?

Jambo hili lilimpata Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani. Katika miaka ya 1906 na 1907 alikuwa akitibu malale katika visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria. Wakati ule watu wengi mno wa Uganda walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo. Koch aliwapa wagonjwa dawa iitwayo atoxyl, nao wakapata nafuu. Lakini vijidudu vikarudi. Basi akaongeza kipimo cha dawa. Matokeo yake watu 22 wakapofuka, wasione tena. Koch akakiacha kipimo kile kikubwa. Alitaka kuwaponya, na kwa dawa ile ile akawapotezea macho.

Mwaka 1949 ilitokea dawa nyingine, melarsoprol, iwezayo kuvifikia vijidudu ubongoni. Nayo imetengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Iliponya wengi, lakini katika kila wagonjwa 100 walioipata, wapata 5 waliuawa na dawa yenyewe. Kwa hiyo daktari hakuitoa ovyo. Kwanza alichoma sindano katika uti wa mgongo, akatoa maji kidogo na kuyapima, ili ajue kama ugonjwa umefika ubongoni. Ikiwa haujafika, alitumia suramin, dawa isiyo na hatari kubwa kama ile.

Sasa mfikirini mgonjwa ambaye maji ya mgongo wake yameonekana kuwa na vijidudu. Daktari akimficha hatari ya dawa, mgonjwa atakubali, lakini atakuwa amekubali jambo asilolijua. Akimwambia yote, labda ataogopa, atarudi kwao, na huko malale yatamwua. Kila njia ina uchungu wake. Hata hivyo mwili ni wa mgonjwa, si wa daktari. Iliyo haki ni kumweleza kweli yote kwa lugha aijuayo, kwa upole na bila haraka: kwamba dawa ina hatari, na kwamba kukosa dawa ni kifo. Kisha amngoje aamue.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu malale ya namna hii kwa fexinidazole, dawa ya kumeza pamoja na chakula kwa siku 10. Hii ni faraja kubwa. Lakini haikukusudiwa watoto walio chini ya miaka 6, wala wenye uzito usiofika kilo 20. Kwao zimebaki dawa za zamani. Mtoto mdogo hawezi kujiamulia. Mama yake ndiye atakayeulizwa. Naye atamtazama daktari usoni, amwulize, "Je, mwanangu atapona?" Daktari mwema hatasema "Ndiyo" ili kumtuliza tu. Atamwambia ajualo, kisha atakaa karibu na kitanda cha mtoto mpaka dawa imalize kazi yake.

Wahenga walisema, "Hiari yashinda utumwa." Dawa inayopokelewa kwa hiari, na baada ya kuambiwa kweli, haimpunguzii mgonjwa heshima yake.