Uchanga, Ubichi na Utoto: Maana na Matumizi ya Kivumishi -changa

Kivumishi -changa hubainisha kitu ambacho hakijafikia ukomavu wake. Kinyume chake ni -pevu, ilhali kinyume cha -bichi, kwa matunda, ni -bivu. Embe pevu huweza kuwa bado bichi, nalo likivundikwa huiva. Embe changa likivundikwa husinyaa. Hivyo, kufasili -changa kuwa -bichi ni kuchanganya ukuaji na uivaji.

Kwa binadamu, mtoto mchanga ni wa umri wa awali tu. Mtoto wa miaka 10 haitwi hivyo. Kisitiari, mawazo machanga hutarajiwa kukomaa, bali mawazo ya kitoto hulaumiwa, kwa kuwa mwenye nayo alipaswa kuwa ameuvuka utoto. Kauli ya kwanza hubeba matumaini. Ya pili, hukumu.

Utata huzuka katika nchi changa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, usemi huo ulilingana na umri wa dola. Miongo kadhaa baadaye, kigezo si umri tena bali kiwango cha maendeleo, na kilichokuwa matumaini hukaribia kuwa hukumu.