Nondo za nyuzi za kioo zashinda chumvi, zaogopa zege

Nguzo ya nyumba ya pwani ikipasuka kwa urefu na kutoa madoa ya kahawia, mara nyingi chumvi imeshafika kwenye nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hubandua zege. Ndiyo maana fundi makini hakubali mchanga wa ufukweni.

Nondo za nyuzi za kioo, zilizoshikanishwa kwa resini, hazishiki kutu na uzito wake ni kama robo tu ya chuma. Tatizo lake ni zege lenyewe. Zege lina alkali kali, pH 12.5 hadi 13.5. Ukali huo ndio unaokilinda chuma. Lakini kioo, alkali hiyo hukila taratibu, kwa kuvunja vifungo vya silika. Kinga ni resini, na ile ya vinailesta huvumilia kuliko poliesta. Resini ikipata nyufa na unyevu ukapenya, nyuzi hubaki wazi.

Kwa hiyo zege mbadala lina maana hapa. Sehemu ya saruji ikibadilishwa kwa jivu la makaa ya mawe, alkali hupungua. Na kwa kuwa nondo za aina hii hazishiki kutu, mradi wa SEACON, uliowakutanisha watafiti wa Marekani na Ulaya, ulithubutu hata kuchanganya zege kwa maji ya bahari, jambo ambalo kwa chuma ni kujitafutia balaa. Lakini si kila mbadala ni mpole: jiopolima, yaani zege lisilotumia saruji ya kawaida, mara nyingi huamshwa kwa kostiki soda, nayo ni alkali kali.

Maabara huzitesa nondo hizi ndani ya maji ya alkali yenye joto la nyuzi 60, kwa miezi, na nyingi hupoteza sehemu ya nguvu. Nje hali imekuwa nafuu. Kanada ilikata vipande vya zege kwenye miundo mitano iliyotumika miaka 5 hadi 8, ikiwemo gati ya Hall's Harbour ya mwaka 1999, na nyuzi zikakutwa salama. Habari njema, ila Kanada ni baridi, na joto huharakisha uharibifu huu. Matokeo ya kule yasichukuliwe kuwa dhamana ya Mombasa au Tanga.

Ukiagiza nondo hizi, uliza aina ya resini, na pembe zipindwe kiwandani kwa sababu saiti hazipindiki. Anayejenga kwa chuma aendelee kuukataa mchanga wa ufukweni.